Minza, Siku Ile Sikukusikia

Minza wangu,

Kabla ya salamu nina jambo la kuungama. Siku ile wodini, uliponishika mkono ukaniambia maneno yako na mimi nikakujibu "Sawa," sikuwa nimeyasikia. Nilipata "Mama Limi" mwanzoni na "sawa?" mwishoni. Katikati niliona tu midomo yako iliyokauka ikisogea, na masikioni mwangu ule mlio unaoujua ukiendelea kama kawaida yake. Niliona haya kukuambia urudie, maana hata kupumua kulikuwa kunakuchosha. Nikaitikia. Ukatabasamu, ukafumba macho. Kesho kutwa yake mumeo, Baba Kulwa, akatupigia simu kwamba umetutoka.

Nimelibeba jambo hilo zaidi ya mwaka. Sasa nimelitua, na nataka nikueleze nilivyolitua, kwa sababu wewe peke yako ndiye utakayecheka panapostahili kicheko.

Kwanza ujue niko Geita mjini, Kalangalala, kwa binti yangu Limi. Mwakitolyo, kule machimboni, nimeondoka. Najua ungenisema. Ila wewe ulipoondoka ndipo nilipojua kazi uliyokuwa ukinifanyia. Pale kibandani kwetu mteja alipotaja anachotaka, wewe ulikuwa unarudia kwa sauti, "Ahaa, unataka visado viwili vya dagaa!" Miaka yote nilidhani ni tabia yako ya kupayuka. Kumbe ulikuwa unanisomea mimi. Nilipobaki peke yangu, mtu akitaka viwili namfungia kimoja, na akilalamika namtazama kama ukuta. Mabinti wakanipa shikamoo nikapita. Wakaanza kusema Mama Limi ana maringo tangu shoga yake afariki.

Basi nikajihami. Kila nikiona mdomo unasogea, naitikia "Marahaba." Minza, siku moja nimemwitikia mzee wa kanisa! Mtu mzima na mvi zake, alikuwa ananiambia nimpishe apite na baiskeli. "Marahaba, baba," nikamwambia, na nikaendelea kusimama palepale.

Huwa nakumbuka ilivyoanza. Tulianza wote na nyundo, tumekaa juu ya turubai tunawapondea mawe wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, vumbi mpaka kwenye kope na wimbo wetu wa nyundo mdomoni. Halafu mashine za karasha zikaja. Wewe ukapelekwa kwenye maji, kuosha. Mimi nikawekwa kwenye pipa lenyewe, lile la chuma linalozunguka na gololi ndani yake likisaga mawe yawe unga, na injini ya dizeli pembeni yangu. Miaka kumi na moja. Masikio tuliziba kwa vipande vya kanga, siku tulizokumbuka. Jioni kichwa kinalia, asubuhi kimetulia, nami nikakihesabu ni uchovu kama wa mgongo. Mpaka Jumapili ile kanisani nilipokuuliza, "Nani kawasha injini siku ya Bwana?"

Ukanitazama. "Injini gani?"

Nikakuambia mlio haujakatika tangu jana. Ukasema sikio likilia ujue unasengenywa. "Basi wewe wanakusengenya wilaya nzima," ukaongeza, ukacheka mpaka mke wa mchungaji akageuka. Lakini ni wewe huyohuyo wiki iliyofuata ulimwendea msimamizi ukamwambia naacha kazi, kabla mimi mwenyewe sijajua kama naacha. Tukaingia kwenye dagaa.

Na Nkome, jamani! Safari yetu ya kwanza kule ziwani. Yule mwenye dagaa alitueleza kwa kirefu namna ya kuwaanika upya wakinyeshewa, akamaliza kwa kuniuliza, "Umeelewa, mama?" Mimi nikasikia ananiuliza kama nimeolewa. Nikamjibu kwa sauti ya karasha, "Nimeolewa, tena kanisani!" Mwalo mzima, wavuvi na wachuuzi, wakageuka. Wewe ulikaa juu ya gunia la watu ukishika tumbo, machozi yanakutoka, na yule bwana maskini anarudiarudia, "Hongera, mama. Hongera sana." Njia nzima ya kurudi ulikuwa unatulia kidogo, unanong'ona "tena kanisani," unaanza upya.

Tangu siku hiyo ukawa unakaa kulia kwangu, upande wenye nafuu. Ukinibana kidole mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Hatukuwahi kukaa chini tukapanga hivyo. Siku ya mazishi yako nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha pembeni, na kulia kwangu nimeacha nafasi. Mama mmoja alipotaka kukaa hapo nikamzuia kwa mkono kabla sijafikiri.

Mazishi yenyewe nikueleze kidogo. Ulikuwa na watu wengi. Kulikuwa na upepo, na ile spika kubwa ya kukodi. Kwangu mimi spika ni mbaya kuliko mdomo mtupu, maneno yote yanakuwa uji. Wakati mmoja msema chochote, yule mwongoza shughuli, aliongea, halafu nikaona watu wanageuka kunitazama, safu kwa safu. Nikadhani nimelia kwa sauti bila kujijua. Nikainamisha kichwa, nikavuta kanga usoni. Kimya kikawa kirefu, hata mimi nilikiona. Halafu kwaya wakasimama wakaanza wimbo wao.

Kuanzia hapo mume wako hakunitazama tena. Nilipokwenda kumuaga alinijibu huku anaangalia miti. Nikasema moyoni amefiwa, mwache. Arobaini yako ilipofika, sikuitwa. Wewe na mimi, Minza, na sikuitwa. Hilo lilinikata maini. Nikafunga kibanda, nikaja kwa Limi.

Kwa Limi nilikaa kama mgonjwa. Nilichambua mchele, nilifua, nilikaa kimya. Kimya cha watu wengine kina raha yake. Cha kwangu kina mlio ndani. Siku moja mchana niko barazani na ungo wangu, nikaona jirani anaruka kizingiti, ananipita mbio anaingia ndani. Nikamfuata nimekasirika, nikidhani hana adabu. Nikamkuta Limi sakafuni bafuni, mguu umegeuka, amelowa, macho mekundu. Alikuwa ameteleza. Alikuwa ameniita, na kuniita, na kuniita. Kati yangu na ule mlango palikuwa na hatua sita. Jirani alimsikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

Limi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mguu ulipopata nafuu alinishika mashavu kwa mikono miwili, uso kwa uso, akasema polepole, "Mama, twende hospitali." Hapo nikasikia kila neno.

Huko kwenye kliniki ya masikio wakaniingiza kwenye chumba kidogo ambacho kuta zake zimevalishwa kitu kama godoro. Wakanivisha vitu masikioni, wakanipa kitufe: nikisikia sauti, nibonyeze. Nikakaa nasubiri waanze. Nikasubiri sana. Nikafungua mlango nikawauliza, "Vipi, umeme umekatika?" Kumbe walikuwa wameshamaliza sikio moja.

Mtaalamu ni binti wa umri wa wanao, anaitwa Asteria. Akanionyesha mchoro, mstari unaoshuka kama mtu anayeteremka kwenye duara. Akaniambia yale yaliyokufa ndani ya sikio hayafufuki, na mlio hauna dawa ya kuuzima. Nikachukua mkoba wangu nisimame. Akanishika mkono. "Subiri, mama. Masikio hayarudi, lakini kusikiliza kunafundishika. Una shughuli Alhamisi?" Nikamwambia tangu rafiki yangu afariki sina shughuli siku yoyote.

Nikapata kifaa cha kuvaa sikioni, kidogo kama punje ya harage. Usiniulize Limi alivyokihangaikia. Siku ya kwanza natoka nacho nje, nikasikia kitu kinapasuka nyuma yangu, hatua kwa hatua, kama mtu anachana magazeti. Nikasimama, kikasimama. Nikatembea, kikatembea. Ilikuwa kanga yangu, Minza. Nilikuwa nimesahau kwamba kanga ina sauti. Mpaka hapo ni utamu. Lakini sufuria! Bodaboda! Watu wakicheka chumba kimoja nilitaka kukimbia. Nilikifunga kwenye pindo la kanga wiki mbili nikamdanganya Limi kwamba betri imeisha.

Asteria hakudanganyika. Akaniambia, "Ubongo wako umekaa njaa miaka mingi, mama. Ukiupa sinia zima utatapika. Tuulishe kijiko kwa kijiko." Basi kila Alhamisi anaziba mdomo kwa faili, anasema neno, mimi narudia. Paka. Taka. Kata. Pata. Nakosa, anarudia. Nakosa tena, anarudia kwa sauti ileile, wala hachoki. Nyumbani Limi ananipa mgongo huku anasonga ugali, ananisomea udaku wa kwenye simu, nami namweleza alichosoma. Mwanzoni niliwaoza watu ambao hawajaoana na kuwafukuza kazi walio kazini. Sasa napata sehemu kubwa.

Na kuhusu mlio, alinikataza kukaa kwenye kimya kitupu. Niwe na redio ndogo kwa mbali, au nikae karibu na cherehani ya jirani, sauti laini tu isiyouzidi mlio wenyewe. Na nisigombane nao. "Ni kama jirani mwenye kelele," alisema. "Ukimsikiliza kwa hasira ndiyo unamsikia zaidi." Nilimwona anajisemea tu. Halafu siku moja naosha vyombo nikashtuka kwamba tangu asubuhi sijaukumbuka. Papo hapo ukarudi, mkali kuliko jana yake. Nikacheka peke yangu mpaka Limi akaja kuuliza kuna nini. Hautoki, Minza. Ila siku hizi kuna saa nzima sina habari nao.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya masikio. Asteria alinipiga marufuku kuitikia nisichokisikia. Niseme, "Sijasikia, naomba urudie, unitazame." Unanijua mimi. Bora nibebe gunia. Siku moja akaniuliza ni lini niliitikia bila kusikia na likaniumiza. Nilifungua mdomo nimweleze habari ya mzee wa baiskeli, tucheke. Badala yake nikamweleza kitanda chako, mkono wako, na lile "sawa." Nikalia mbele ya mtoto wa watu mpaka akafunga mlango.

Halafu akauliza, "Nani mwingine alikuwa pale?"

"Mume wake."

"Basi yeye alisikia."

Minza, mwaka mzima na zaidi, na wazo hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Nimekwenda Mwakitolyo wiki iliyopita. Mabasi mawili na bodaboda, kifaa sikioni, moyo mdomoni. Nilimkuta Baba Kulwa anafunga miti ya zizi. Amekonda, lakini shati lilikuwa limepigwa pasi, usiwe na wasiwasi. Alinikaribisha kama mtu anavyomkaribisha karani wa serikali. Nikamwomba akae kulia kwangu na mwanga umwangukie usoni. Akashangaa, akahamisha kigoda.

Nikamwambia, "Baba Kulwa, siku ile wodini mkeo aliniambia jambo. Mimi sikulisikia."

"Ulisema sawa. Nilikuwa nimesimama pale."

"Nilisema sawa bila kusikia. Masikio yangu yamekufa siku nyingi. Mkeo alikuwa ananifichia."

Mkono wake ulikuwa na kamba, akaikunjakunja mpaka ikaisha urefu. Halafu akanigeukia na kunitamkia neno moja moja, kwa upole ambao sikuutegemea.

"Alisema hivi. 'Mama Limi, siku yangu wasiniimbie za huzuni tu. Uniimbie ule wetu wa nyundo, beti zote, hata wa suruali ya msimamizi. Mchungaji nimeshamwambia, amekubali nusu. Utaimba, sawa?'"

Ndipo nikajua watu wale walikuwa wananitazama nini. Msema chochote alikuwa ameniita. Umati mzima ulikuwa umeningoja nisimame, nami nimejifunika kanga.

"Nilidhani umemwonea aibu," Baba Kulwa akasema. "Nilidhani umeona wimbo wa waponda mawe haufai mbele ya watu wa mjini. Nikasema basi, urafiki wao ulikuwa wa kibandani tu." Akajifuta uso kwa mkono wenye kamba. "Kumbe hukusikia. Nisamehe, mama."

Tuliombana msamaha pale zizini kama watoto, nani aanze, nani amalizie. Kisha nikamwambia anipeleke.

Kaburi lako limesakafiwa vizuri. Binti yako Kulwa alikuwa amerudi kutoka kazini, akatufuata. Nikasimama miguuni pako nikaanza:

*Jiwe, jiwe, umemeza nini?*
*Tapika tuone.*
*Mwenye duara kavaa koti,*
*sisi tumevaa vumbi.*

Sikuwa nimeimba tangu mlio ulipoanza kunila sauti. Kifaani nilijisikia kama mtu anayeimba ndani ya ndoo. Najua nilipotea juu, nikapotea chini, Kulwa alikuwa ananitazama kwa huruma. Sikuacha. Mumeo akaokota mawe mawili akawa ananigongea mapigo. Ubeti wa tatu akauingilia na maneno ambayo hayamo kabisa, tukamwacha. Tulipofika kwenye suruali ya msimamizi hakuna aliyeweza kumaliza. Tulicheka, Minza. Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye saruji yako. Samahani. Nilikaa ubavuni kwako hapo nikalia kile kilio ambacho siku ya mazishi kilikuwa kimekwama.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza Kulwa, "Pacha wako Doto yuko wapi siku hizi?" Akatabasamu, akaniita mama kwa lugha ya kwetu, "Ndiyo, mayu." Nikadhani ni mimi. Nikamuuliza tena, polepole, ila nilikuwa nyuma yake kidogo. "Ndiyo, tunashukuru," akasema. Nikasimama. Tabasamu lile nalijua. Nimelivaa mimi miaka na miaka, hakuna mtu anayeweza kunidanganya nalo. Nikamshika bega nikamgeuza uso kwa uso, nikamuuliza anafanya kazi gani siku hizi. Akaangalia chini. Baba yake ndiye aliyejibu: yuko karasha, kwenye pipa, mwaka wa pili sasa.

Alikataa kwanza. Alisema ni uchovu, asubuhi kichwa kinatulia. Nikamvulia kifaa changu nikamwekea kiganjani, akakigeuzageuza. Nikamweleza habari ya Limi bafuni. Sikumficha kitu. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ya chini mno ambayo ilinibidi niisome mdomoni, "Mayu, na huo mlio unaumaga hivyo siku zote?" Nikamwambia ukweli, kwamba haukatiki, na kwamba mtu anaweza kuishi nao akacheka, lakini yeye bado ana masikio ya kuokolewa na asijitie ushujaa.

Mumeo amekwenda mwenyewe kwa msimamizi. Kulwa haendi tena kwenye pipa. Atakuja Jumatano kwa basi la asubuhi, na Alhamisi saa tatu Asteria anamwingiza kwenye chumba cha magodoro. Limi ameshaandaa kitanda. Akiambiwa masikio yake yangali mazima, nitakuandikia. Akiambiwa yameguswa, nitakaa naye nimzibie mdomo kwa faili, paka, taka, kata, pata, hata ichukue miaka mingapi. Akinichoka atanivumilia, wewe ulinivumilia.

Wabeja, asante sana, Minza, kwa kila neno ulilonirudishia bila kuniaibisha. Lala. Kulwa niachie mimi.

Rafiki yako,
Mama Limi